Tulisafisha Juu Juu

Harufu ya popo haizoeleki. Wako watu wanaosema pua huzoea kila kitu, ukiipa muda itanyamaza. Yangu haikunyamaza. Kila asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma wa lile jengo, uvundo ulinikumbatia kama mtu mwenye jasho: mkojo mkavu, unga uliooza, na kitu kingine cha utamu utamu ambacho ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Ule utamu ulikuwa unashika kooni. Nikinywa chai, naukuta kwenye chai. Nikivua nguo za kazi nivae nguo ya sala, naukuta kwenye nywele.

Jengo lenyewe lilikuwa duka. Chini waliuza sufuria na majagi, ghorofa ya kati sare za shule na viatu, ya juu kabisa magodoro. Duka lilipokufa likafungwa milango, likakaa na vumbi lake na popo wake, mpaka wakatokea watu wakalinunua waligeuze ofisi. Wala si ofisi kama ofisi nyingine. Ofisi ya kijani. Siku tuliyoambiwa hivyo, Mama Pacha, mwenzangu wa ufagio, alizitazama ndoo za rangi zilizopangwa ukutani, akauliza, "Mbona rangi yote nyeupe?"

"Kijani maana yake haliharibu mazingira, mama," shemeji yangu akamjibu. "Hapa hakuna kutupa kitu. Mbao za rafu za zamani ndizo dari mpya. Vioo vya mbele, vile vya kuonyeshea bidhaa, ndizo kuta za vyumba vya mikutano. Maji ya mvua yatashuka chooni. Na viyoyozi hakuna. Jengo litapumua lenyewe."

"Litapumua?" Mama Pacha akasema. "Basi kwanza lipige mswaki."

Shemeji yangu huyo ni mdogo wa marehemu mume wangu, na pale ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Mafundi walimwita Chapuchapu, naye jina alilipenda. Nilipotoka eda ndiye aliyenitafutia kazi, akaniweka niwasimamie wanawake wa usafi. Siwezi kusema hakunifaa. Binti yangu, mtoto niliyejaliwa mmoja tu, alikuwa akibanwa na pumu tangu mdogo, na mara ile alipobanwa mpaka midomo ikawa ya buluu, baba yake yuko safarini, ni huyu baba yake mdogo aliyemtupa begani akakimbia naye mpaka hospitali bila viatu. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Sasa, kupumua kwa jengo kulikuwa hivi. Chini ya paa waliweka feni kubwa. Feni inavuta hewa ya nje, inaisukuma kwenye uwazi ulio kati ya paa na dari, na hewa hiyo inashuka vyumbani kwa matundu yenye wavu wa chuma. Ndiyo hewa watakayovuta watu humo ofisini kutwa nzima. Na kwenye uwazi huohuo ndiko popo walikokuwa wakiishi. Mafundi waliwafukuza wakaziba walikopitia, lakini mavi yao yalibaki, yametanda kule juu kama blanketi nene, na pale paa lilipovuja yalikuwa yameloa.

Siku moja msanifu, aliyechora ramani ya ukarabati, akapiga simu. Msanifu ni mwanamke, mtu wa maneno machache, mwenye kofia ngumu ambayo hata garini haivui. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya msumeno wa umeme na mtu anayevunja ukuta. Kidole kimoja sikioni, simu sikio la pili.

"Eeh? Wasafishe wapi? Juu? Juu, juu. Sawa, mama. Nimekupata, sawa!"

Akakata simu, akatugeukia. "Amesema msafishe juu juu. Mmalize leo, kesho mbao zinapanda."

Nikamuuliza, "Juu juu? Na ule uchafu wa darini?"

"Shemeji, msanifu kasema juu juu. Wewe unataka kupiga deki mpaka mawinguni?"

Wenzangu wakacheka, tena kwa furaha, maana hapakuwa na hata mmoja aliyetamani kupanda kule. Tukapangusa kuta, tukafuta vioo, tukafagia. Juu juu, kama tulivyoagizwa. Kesho yake mafundi wakapigilia mbao, na kusema kweli zilipendeza. Zilikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na hapa na pale bei za sufuria zilizoandikwa kwa mkono bado zinasomeka. Watu walikuja kuzipiga picha, shingo zimepinda kama kuku anayekunywa maji.

Baada ya siku chache msanifu akapiga tena. Safari hii mashine zilikuwa zimezimwa, tunakunywa chai. Shemeji alikuwa anamenya chungwa, kwa hiyo simu akaiweka chini, sauti wazi.

"Fundi, yale mavi mliyapeleka wapi? Nimepata mkulima anayataka kwa mbolea. Si nilisema hatutupi kitu?"

"Mavi gani, mama?"

"Ya popo! Si nilikwambia wasafishe juu, juu ya dari, kabla hujapigilia mbao?"

Kisu kikasimama kwenye chungwa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nikamwona anavyoelewa. Kulianzia kwenye macho kukashuka mpaka mikononi.

"Ah, hayo," akasema. "Hayo tulishayaondoa, mama. Tuliyafukia."

"Mmeyafukia? Hasara hiyo. Haya, basi."

Simu ilipokatika Mama Pacha alipaliwa na chai. "Kumbe juu! Mwenzetu kasikia juu juu!" Wote wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia. Kosa lenyewe sikulihesabu kosa, kelele zilikuwa za kutosha, na neno ni lilelile, limesemwa mara mbili tu. Nikangoja shemeji acheke na yeye, aseme jamani kesho tunabandua.

Alimalizia chungwa lake. Akatema mbegu kiganjani, akazitupa pembeni. "Haya, vikombe chini. Kazini."

Nikamfuata. "Shemeji, mbao mnabandua lini?"

"Mbao gani?" akaniuliza, kama mtu ambaye hajawahi kuona mti.

Ningeweza kusema mpaka hapo haikuwa shughuli yangu. Mimi ni mtu wa ndoo na tambara, shule yangu ya msingi, dari si yangu. Lakini wiki ileile binti yangu alirudi nyumbani anaruka kama mtoto. Wapangaji wa ghorofa ya juu kabisa walikuwa wamemwita kwenye usaili, wakamchukua. Mapokezi. Alikuwa amekaa nyumbani tangu amalize chuo, mpaka majirani wameacha kumuuliza habari za kazi, na kuacha kuulizwa kunauma kuliko kuulizwa. Alinishika mikono yote miwili. "Mama, tutakuwa tunatoka nyumbani pamoja!"

Akaja kukiona kiti chake siku ile feni ilipojaribiwa. Meza ya mapokezi ilikuwa ile kaunta ya kulipia ya duka, wameipandisha huko juu, wameikwangua, wameipaka nyeupe. Na juu yake kabisa, usawa wa utosi wa mwanangu, ndipo lilipo tundu kubwa kuliko yote.

Fundi umeme akawasha. Upepo ukashuka, mzuri, wa baridi. Watu wakapiga makofi. Shemeji akainua mikono kama mtu aliyefunga bao. "Linapumua! Si niliwaambia? Linapumua!"

Halafu kwenye ile meza nyeupe vikaanza kudondoka vitu vyeusi, vidogo, kama majani ya chai. Nikagusa kimoja kwa kidole. Kikasagika, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometameta. Nilihisi mate yananijaa mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika.

Binti yangu akakohoa. Akakohoa tena. Akatoa dawa yake ya kuvuta kwenye pochi, akageukia ukutani watu wasimwone.

"Vumbi la mbao hilo," shemeji akasema, naye tayari anaifuta meza kwa mkono wa shati lake. "Mbao za zamani lazima ziteme kidogo. Vuta dawa, mwanangu. Utazoea."

Akaukung'uta ule mkono wa shati kwenye suruali, pembeni, taratibu, huku anatabasamu. Nilikuwa namtazama. Kuanzia hapo popo sikuwachukia tena. Popo ni mnyama, hajui choo. Kilichonichefua kilikuwa kile kitendo cha kujikung'uta.

Jioni, tukiosha vyombo, nikamwambia binti yangu kilichoko juu ya kiti chake. Alinisikiliza bila kuacha kusuuza sahani.

"Mama, usiseme kitu," akasema.

"Nisiseme?"

"Wakibandua dari, ufunguzi unasogezwa. Ukisogezwa, wale wapangaji wana jengo jingine walishaliona. Nitakuwa nimepata kazi na kufukuzwa kabla sijaianza."

"Na kifua chako?"

"Nitavaa barakoa."

"Mapokezi na barakoa? Wageni utawachekea na nini?"

"Na macho." Akajaribu kucheka. Kisha akasema, "Halafu mimi naona umekosea. Baba mdogo kasema ni vumbi la mbao. Labda walisafisha mwishoni wewe hujui."

"Hawakusafisha."

"Basi hajui kama hawakusafisha. Angejua, mama, asingekubali nikae pale. Baba mdogo? Pale?"

Alinitazama moja kwa moja, mikono inachuruzika maji. Nikachukua sahani nikaifuta. Yale niliyoyasikia kwenye simu sikumwambia. Mtu akishanyang'anywa baba, humnyang'anyi na baba mdogo hivihivi, kando ya karai la vyombo.

Siku moja kabla ya msanifu kuja kukagua, shemeji alinikuta nyuma ya jengo nasuuza matambara. Alikuwa amejimwagia manukato kuficha uvundo, vikanijia vyote viwili kwa pamoja, waridi na mkojo wa popo.

"Shemeji yangu," akaanza, kwa sauti ile ya kuomba. "Kesho atakuuliza wewe. Mimi haniamini sana, lakini wewe anajua ni mtu wa sala. Na mimi sitaki useme uongo. Haki ya Mungu, sitaki."

"Usiape."

"Sitaki useme uongo, nakwambia. Akikuuliza kama mlisafisha dari, wewe mwambie hivi: tulisafisha juu juu. Basi. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Unaona? Yeye atasikia juu, wewe umesema juu juu, Mungu kasikia yote mawili. Nani kakosa hapo?" Akacheka, akanigusa bega kama tumefanya biashara.

Nilikamua tambara, likatoa maji meusi. "Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Wa kaka yako. Anayekaa chini ya tundu."

Akayatazama yale maji yanavyokimbilia kwenye mfereji. "Nitaongea nao wamsogeze kiti. Baadaye, mambo yakitulia."

"Wewe ulimbeba yule alipobanwa. Unajua anavyokuwa."

"Shemeji, usinianzishie!" Sauti ya kuomba ikaisha. "Nikibandua, nimejitangaza mwongo. Nani atanipa jengo tena? Na mimi nikiondoka hapa, hiyo ndoo utaishika kwa nani?"

Akaenda zake. Nilinawa mikono, nikanawa tena, nikainusa, nikanawa. Chakula nilichobeba nilimpa Mama Pacha. Kwenye sala ya adhuhuri sikuomba riziki wala nini. Niliomba nisiulizwe.

Niliulizwa.

Walikuja asubuhi: msanifu na kofia yake, mwenye jengo, na wapangaji wawili waliovaa vizuri. Binti yangu alikuwa ameshakaa kwenye meza yake, viatu vipya, ua moja kwenye glasi. Feni ilikuwa imepunguzwa isitoe vumbi. Walizunguka wakisifu. Mwenye jengo aliipapasa ile kaunta, akasema hata harufu ya zamani imebaki kidogo, na kwamba hiyo ndiyo historia.

Msanifu alikuwa anatazama juu, pua imekunjika. Akaniita.

"Mama, kabla hawajaweka mbao, huko juu mlisafisha vizuri?"

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitikisia kichwa taratibu, midomo yake ikiunda neno bila sauti, mara moja, mara ya pili, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Sitasema lile neno halikunijia. Lilikuwa limeshakaa ulimini, tayari, laini, na nilipolionja lilikuwa na ule utamu utamu.

"Hapana, mama," nikasema. "Huko juu hatukugusa. Mavi ya popo yapo yote, na yanamwangukia huyu msichana."

Mwenye jengo akaondoa mkono kwenye kaunta.

"Shemeji!" Chapuchapu akamaka. "Mbele ya wageni unataja mavi?"

"Ayaiteje," Mama Pacha akasema kutoka kwenye ngazi, "marashi?"

"Mama," binti yangu akaniita, chini chini. Uso wake ulikuwa umefunga kama mlango.

"Mama msanifu, usimsikilize," shemeji akasema, anakuja mbele, mikono inachezacheza. "Huyu shemeji yangu tangu afiwe amekuwa mtu wa kuona ona mambo. Tunamvumilia kifamilia. Haki ya Mungu, huko juu ni pasafi, unaweza ukalala."

"Leteni ngazi," msanifu akasema, "ukalale."

"Mbao zitapasuka."

"Ngazi."

Fundi umeme ndiye aliyeileta. Msanifu akapanda mwenyewe na mtaimbo, akaanza kung'oa ubao ulio juu ya mapokezi. Misumari ililia. Nikamwambia binti yangu atoke pale.

"Sitoki. Nitoke niende wapi tena?"

Nikamkamata mkono nikamvuta. Alinipinga kwa nguvu zake zote, na bado alikuwa ananipinga ubao ulipoachia upande mmoja.

Kwanza ulishuka uzi mwembamba mweusi, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Halafu pakawa na sauti, fyuu, ndefu, na blanketi zima likateleza. La juu lilikuwa kavu, likapaa likajaa chumba. La chini lilikuwa limeloa, likaanguka kwa vipande kwenye meza, kwenye kiti, kwenye glasi ya ua, na ndani yake mlikuwa na mende weupe wanaotafuta pa kukimbilia, na funza, na vitoto vya popo vilivyokauka, vimejikunja kama mikono ya glovu. Kipande kimoja kilitua kwenye kiatu kipya cha mwanangu, kikapasuka. Uvundo uliotoka hapo sikuwahi kuunusa hata mimi. Wapangaji walikimbia nje. Mwenye jengo aliziba mdomo kwa tai yake akawafuata.

Msanifu alibaki juu ya ngazi, mabega yamekuwa meusi. Hakupiga kelele. Alimtazama tu fundi wake mkuu.

Lakini shemeji hakuwa akimtazama msanifu. "Mwanangu," alikuwa anasema, "mwanangu, mimi sikujua. Haki ya Mungu wangu, sikujua."

Binti yangu alikuwa ameegemea mlango, ameinama, anatapika. Nilimshika paji la uso kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamtafutia dawa yake kwenye pochi. Nikamwekea mdomoni. "Vuta kwanza. Vuta. Tena." Kifua kilikuwa kinapiga miluzi. Akavuta. Akafuta mdomo kwa kiganja, hakuinua kichwa.

"Mama."

"Usiongee, vuta."

"Baba mdogo alijua?"

Shemeji alisimama katikati ya ile takataka, mikono wazi, akinitazama kupita mgongo wa mtoto. Macho yake yalikuwa yananiomba kama alivyoniomba siku ile, na nyuma ya macho hayo niliona sura ya mume wangu, maana walifanana sana.

"Alijua," nikasema.

Mwanangu akainama zaidi akatapika tena, nami nikamshikia nywele.